Maji ya Njombe na shahada ya upimaji

Mwalimu mmoja kijana wa sekondari wilayani Korogwe ameniandikia. Ana miaka sita kazini, anafundisha Baiolojia na Kemia, na kila mwaka mkuu wake wa shule humkabidhi kazi ya kukusanya maswali ya mtihani wa majaribio, yaani moku. Anauliza mambo matatu: shahada ya uzamili ya upimaji na tathmini ya elimu inasomwa wapi, inagharimu kiasi gani, na akimaliza atafanya kazi gani. Hilo la tatu amelipigia mstari.

Msimamo wangu nauweka mapema. Shahada hii inafaa kusomwa, na nchi yetu ina njaa nayo. Lakini anayeifuata ili apate kiti katika Baraza la Mitihani anafuata kitu kidogo mno, na chuo kinachoifundisha bila kumshikisha mwanafunzi majibu halisi ya watahiniwa kinamuuzia cheti. Kwa hiyo, Mwalimu wangu wa Korogwe, kabla hujauliza ada, uliza chuo kina majibu ya watahiniwa wangapi ya kuyafanyia kazi.

Nilianza ualimu nikifundisha Fizikia katika sekondari moja mkoani Njombe, ambako asubuhi za Julai vidole hufa ganzi kabla ya kushika chaki. Katika mtihani wa muhula wa kidato cha pili niliweka swali la kuchagua: maji safi huchemka katika nyuzi ngapi za Selsiasi? A ilikuwa 84, B 94, C 100, D 106. Jibu langu lilikuwa C. Wanafunzi walikuwa 55, waliopata 26. Nikaridhika. Swali ambalo karibu nusu ya darasa wanalipata si jepesi wala si gumu. Karatasi nikazifunga kamba, nikazitia kwenye boksi, maisha yakaendelea.

Miaka minne baadaye nikiwa chuoni, mhadhiri wetu alitaka kila mmoja alete karatasi za mtihani aliowahi kuutunga mwenyewe. Nikalifungua lile boksi. Tukafundishwa kuzipanga karatasi kwa alama za jumla, ya kwanza hadi ya mwisho, kuchukua asilimia 27 za juu na asilimia 27 za chini, kisha kuhesabu kila swali limejibiwa sawasawa na wangapi katika kila kundi. Ni njia ya zamani. Truman Kelley alionesha mwaka 1939 kwa nini 27 ndicho kiasi kinachofaa. Kwangu yalitoka makundi mawili ya wanafunzi 15. Katika kundi la juu, wanne tu walikuwa wamechagua C. Katika kundi la chini, kumi. Nne toa kumi, gawanya kwa 15: hasi 0.4. Swali langu lilikuwa limewaadhibu wanafunzi bora na kuwapa alama walio dhaifu.

Wanafunzi kumi wa kundi la juu walikuwa wamechagua B. Nilipoyapitia majina nikawakumbuka. Ndio waliokuwa wakibaki maabara baada ya kengele, wakachemsha maji kwenye jiko la mafuta ya taa na kutumbukiza kipimajoto, nacho kikagoma kupanda kikifika 94. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa huko ni mdogo, na maji huchemka kabla ya kufika 100. Watoto wale walijibu walichokiona kwa macho yao. Waliokariri daftari wakajibu 100. Na mimi nilikuwa nimesahau maneno manne tu: katika usawa wa bahari.

Naikumbuka siku ile kuliko siku niliyovaa joho. Wastani wa darasa ulikuwa umenificha kila kitu. Swali lenye kasoro kubwa lilikuwa limejificha nyuma ya asilimia 47 iliyotulia, na kama si karatasi zile kubaki kwenye boksi nisingejua hadi leo kwamba niliwanyima alama watoto kumi waliofanya sayansi ya kweli. Wale wa mkiani nao walitoka na alama waliyoipata kwa kukariri, na mimi nikaisoma kama maarifa.

Taaluma nzima imejengwa juu ya maswali mawili. La kwanza ni uthabiti: mtoto huyuhuyu angepewa alama ileile na msahihishaji mwingine, au siku nyingine? Ndiyo maana katika kambi za usahihishaji wa mitihani ya taifa mwalimu mmoja hasahihishi karatasi nzima. Kila mtu ana swali lake, karatasi inazunguka mezani kutoka mkono hadi mkono, ili hasira au huruma ya mtu mmoja isimwandame mtahiniwa kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. La pili ni uhalali: alama hii ina maana ile tunayodai inayo? Hili ndilo zito zaidi. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka saba, anaingia kidato cha kwanza kwa Kiingereza, halafu anapata 12 kwenye Baiolojia. Amefeli Baiolojia, au amefeli Kiingereza ndani ya karatasi ya Baiolojia? Mwalimu wa Korogwe anakutana na swali hili kila wiki, na nina hakika ana jibu moyoni. Shahada humpa njia ya kulithibitisha jibu hilo: kuandaa swali lilelile kwa lugha mbili, kuwagawa wanafunzi bila upendeleo, kulinganisha, na kumwambia afisa elimu kitu ambacho hawezi kukiita maoni.

Kuna mfano mkubwa zaidi, ambao kila aliyekuwa mzazi wakati ule anaukumbuka. Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Waliofaulu walikuwa takriban asilimia 34. Nchi ikaungua. Tume ikaundwa, na mwezi Mei serikali ikatangaza kwamba matokeo yale yamefutwa na kwamba alama zitapangwa upya kwa utaratibu uliotumika mwaka 2011. Yalipotoka tena, waliofaulu walikuwa asilimia 43. Hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa amerudia mtihani. Karatasi zilikuwa zilezile, wino uleule, na maelfu ya vijana wakatoka upande wa waliofeli kwenda upande wa waliofaulu. Mjadala ukaenda kwa walimu wazembe, wanafunzi wavivu na simu za mkononi. Wachache sana waliuliza swali la msingi: mpaka kati ya kufaulu na kufeli huwekwa na nani, kwa njia gani, na kwa ushahidi gani? Hiyo ni mada inayochukua muhula mzima katika kozi nzuri ya upimaji. Mwaka 2014 tukaingia mfumo wa GPA, na Januari 2016 tukarudishwa kwenye divisheni, na mara zote mbili gumzo la mtaani lilikuwa juu ya majina ya madaraja. Namna mipaka inavyowekwa haikuguswa. Nchi yenye wataalamu wa kutosha wa fani hii ingekuwa imebishana kwa namna nyingine kabisa.

Sasa niondoe dhana tatu ninazokutana nazo kila ninapozungumza na walimu.

Ya kwanza ni kwamba hii ni shahada ya kwendea Baraza. Baraza la Mitihani la Tanzania lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, miaka miwili baada ya Tanzania Bara kujitoa katika baraza la pamoja la Afrika Mashariki. Tangu hapo mitihani yetu imebebwa na walimu wanaoitwa kwa kazi maalumu kisha wakarudi shuleni kwao. Maafisa wa kudumu ni wachache mno ukiwalinganisha na maelfu wanaokwenda kusahihisha. Ukisoma ukiwa na ofisi hiyo moja akilini, umejifungia nje ya nyumba yenye vyumba vingi.

Dhana ya pili inasema ni hesabu tupu, haifai kwa mwalimu wa Historia au Kiswahili. Takwimu zipo, na asiyetaka kuzishika asijidanganye. Lakini hesabu ya msingi ni kuhesabu, kutoa na kugawanya, kama nilivyofanya kwa lile swali la maji. Sehemu ngumu zaidi ni lugha. Swali baya huwa baya kwa neno moja lisiloeleweka, kwa kipotoshi, yaani jibu lisilo sahihi, ambacho hakuna mtoto atakayekichagua, kwa shina la swali lenye maswali mawili ndani yake. Wanafunzi bora niliowafundisha upimaji miaka ya karibuni wametoka kwenye Kiswahili na Fasihi, kwa sababu wana sikio.

Ya tatu ndiyo inayoniumiza: kwamba upimaji endelevu maana yake ni mitihani mingi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 tulikubaliana kwamba mtihani mmoja wa mwisho usiamue peke yake, na kazi za mwaka mzima zihesabiwe. Wazo lilikuwa zuri. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi 90 darasani ambaye hajafundishwa kupima kwa swali la mdomo, kwa daftari au kwa kazi ya mikono, atafanya jambo moja tu: jaribio kila Ijumaa. Na siku ya kupeleka alama za maendeleo ikikaribia, zipo shule ambako alama hizo huandikwa ofisini. Simlaumu mwalimu huyo. Katika mafunzo ya ualimu somo la upimaji mara nyingi huwa la muhula mmoja, linafundishwa ukumbini kwa mamia ya wanafunzi, na mtihani wake ni kutaja sifa za mtihani mzuri.

Hesabu ya fedha

Kuhusu gharama, sitataja tarakimu za ada, kwa sababu hubadilika na kila chuo hutangaza zake. Nitasema tu kwamba ada ya uzamili huhesabiwa kwa mamilioni, na kwamba si ada inayowashinda wengi. Kinachowashinda huja baadaye.

Anza na mshahara wako. Kama ulisoma shahada ya kwanza kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi, na kama deni hilo halijaisha, unapanga kulipia shahada ya pili ukiwa bado unalipia ya kwanza. Lililo baya zaidi ni ruhusa. Mtumishi wa umma ambaye masomo yake hayamo katika mpango wa mafunzo wa mwajiri wake anaweza kujikuta anachagua kati ya darasa na mshahara. Nimewaona watu wazima wakilia kwa sababu walilipa ada kwanza na kuomba ruhusa baadaye. Barua ya kuomba ruhusa itangulie, tena mwaka mmoja kabla.

Kisha kuna utafiti: kibali cha chuo, barua ya mkoa, barua ya wilaya, nauli ya kuzunguka shule, kuchapisha dodoso, chakula cha wasaidizi. Hapa ndipo wengi hukwama mwaka wa pili wakawa wanafunzi wa kudumu. Ushauri wangu ni kwamba usikusanye majibu mapya kama yaliyopo yanatosha. Karatasi za moku za shule kumi, zikiombwa kwa adabu na majina yakifutwa, ni hazina ya tasnifu nzima. Programu za uchambuzi zisikutishe pia. Ziko za kulipia kwa bei kubwa, lakini R ni ya bure, na hufanya yote utakayohitaji, pamoja na mfumo wa Georg Rasch, yule Mdenmaki aliyetuonesha mwaka 1960 namna ya kuweka uwezo wa mtoto na ugumu wa swali kwenye rula moja.

Usomee wapi? Tanzania, mara nyingi upimaji unauchukua ndani ya uzamili wa elimu. Katika Shule Kuu ya Elimu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, fani hii inalelewa katika idara ya saikolojia ya elimu na mitaala. Chuo Kikuu cha Nairobi kina uzamili wenye jina la fani yenyewe, na kwa kuwa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017, uliza kwa maandishi kama utalipa ada ya Mkenya au ya mgeni. Tofauti si ndogo. Afrika Magharibi wametutangulia: Ibadan wana kituo kizima cha tathmini ya elimu, na Cape Coast nchini Ghana wamezalisha wapimaji wengi. Pretoria kuna shahada ya uzamili inayounganisha upimaji na uhakiki wa ubora. Oslo wana programu bora sana ya miaka miwili, na kwa muda mrefu mtu wa Korogwe angeisoma bila ada. Tangu mwaka 2023 Norway inawatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya. Oxford wana uzamili wa masafa unaosomwa ukiwa kazini, lakini ada yake ni nzito. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola unaotolewa na Uingereza una mlango wa masomo ya masafa kwa kozi zilizoteuliwa, nao ufuatiliwe kila mwaka.

Kama mwanangu angeniuliza, ningemwambia asome hapahapa Afrika Mashariki akiwa na karatasi za shule za kwao, kisha aende nje kwa miezi michache kujifunza mbinu moja anayoihitaji.

Kazi zilipo

Vyeo vyenye jina la upimaji ni vichache. Kazi ya upimaji ni nyingi, na inafanywa kila siku na watu ambao hawakuisomea. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Kila moja ina afisa elimu anayeshughulikia taaluma, na karibu kila moja hufanya mitihani yake ya moku na ya kujipima. Maswali hukusanywa, huchapishwa, husahihishwa, wastani hutangazwa, shule hupangwa kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na mkuu wa shule iliyoshika mkia huitwa kujieleza. Ni mara chache sana nimeona mtu akiuliza kama swali la 17 lilikuwa na kasoro. Weka mtu mmoja aliyesomea kazi hii katika kila halmashauri na umepata nafasi 184 bila kuanzisha ofisi mpya.

Ongeza Baraza la Mitihani la Zanzibar, Taasisi ya Elimu Tanzania, wathibiti ubora wa shule, vyuo vya ufundi vinavyopima umahiri wa mikono, bodi za kitaaluma za wahasibu na wauguzi, na vyuo vikuu vyenyewe. Ongeza Sekretarieti ya Ajira. Mwaka 2025 walimu walifanya usaili wa kuandika ili waajiriwe, na huo ni mtihani kama mitihani mingine. Unapaswa kujibu kama unapima ualimu au kumbukumbu. Zipo asasi pia. Asasi ya Uwezo walipoanza kupita nyumba kwa nyumba mwaka 2010 kuwapima watoto kusoma na kuhesabu, walionesha kwamba upimaji unaweza kumfikia mzazi sebuleni. Lakini niseme ukweli wote: miradi mingi ya kupima usomaji katika ukanda huu iliendeshwa kwa fedha za Marekani kupitia USAID, na shirika hilo lilipovunjwa mwaka 2025, wapimaji wenye uzoefu walirudi nyumbani ndani ya wiki chache. Usijenge maisha yako yote juu ya mradi.

Mshahara wa darasani nao usiutegemee kupanda siku unayorudi na cheti. Faida huja kwa mzunguko: unaitwa kutunga, unaitwa kufundisha wenzako, unaandika ripoti inayosomwa mkoani, na cheo hufuata au hakifuati. Anayehitaji fedha ndani ya miaka miwili atafute njia nyingine, na sisemi hivyo kwa kumdharau. Ada ya watoto haisubiri.

Mahitaji yatapanda, tena karibuni. Kwa mtaala mpya ulioanza mwaka 2024, shule ya msingi inaishia darasa la sita, na mwaka 2027 watoto wa darasa la sita wa mtaala mpya watamaliza pamoja na wale wa darasa la saba wa mtaala wa zamani. Makundi mawili, mitaala miwili, miaka tofauti ya masomo, na wote wanaelekea kidato cha kwanza kimoja. Nani atasema kwa ushahidi kwamba alama ya huyu inalingana na ya yule? Rula ya Rasch ilitengenezwa kwa swali kama hili, na lazima kuwe na mikono ya kuishika. Kenya wameshaingia njia hiyo ya kubadili mtaala: waliufanya kwa mara ya mwisho mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, mwaka 2023, na sasa alama zinazotolewa na walimu shuleni zina uzito ambao hazikuwahi kuwa nao. Shida waliyokutana nayo ni kumfundisha mwalimu kupima, na tungefanya vyema kujifunza kwao kabla hatujafika hapo.

Ninachokiomba kwa vyuo vyetu ni kidogo na kinawezekana. Viingie makubaliano na mabaraza ya mitihani ili wanafunzi wa uzamili wapate majibu ya watahiniwa yaliyofutwa majina na namba, angalau ya miaka iliyopita. Na mwanafunzi wa ualimu anapotoka kwenye mazoezi ya kufundisha, arudi na uchambuzi wa jaribio moja alilolitunga, swali kwa swali, badala ya mafaili ya maandalio ya masomo peke yake. Halmashauri nazo ziingize upimaji katika mipango yao ya mafunzo, ili mwalimu mmoja au wawili kila mwaka waende kusoma mshahara wao ukiwa salama.

Wewe wa Korogwe, huna haja ya kungoja lolote kati ya hayo. Kila mwaka Baraza huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kwa kila somo, na kuziweka kwenye tovuti yake bure. Ndani yake kuna asilimia ya waliochagua kila jibu, na vipande vya majibu kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe, mazuri na mabaya. Pakua za Baiolojia na Kemia za miaka mitatu. Kisha toa karatasi za moku yako ya mwisho, zipange kutoka juu hadi chini, na ufanye ile hesabu ya 27 kwa maswali yote ya kuchagua. Itakuchukua jioni mbili. Swali litakalotoka na alama ya hasi, waite wanafunzi watatu wa juu waliolikosa na uwaulize walikuwa wanafikiri nini, bila kuwaambia jibu. Andika wanayosema neno kwa neno. Dirisha la maombi likifunguliwa, ambatisha kurasa hizo na barua yako hata kama chuo hakijaziomba, na umwulize mhadhiri atakayekujibu kama ameshawahi kufanya hesabu hiyo kwa mitihani yake mwenyewe.